Kiingereza cha Baba Kilikuwa cha Michezo Tu

Baba yangu aliitwa Saruni, mtu wa Olmotonyi, Mwarusha, mfugaji na mkulima. Hakuwa mwalimu wala mzee wa kanisa, na ubatizo aliupokea akiwa na mvi. Lakini katika sala ya asubuhi nyumbani kwangu jina lake halikosi kutajwa, na pamoja nalo jina la rafiki yake Sakaya, ambaye Mungu alipenda baadaye awe baba mkwe wangu. Habari hii nimeipata kwa wote wawili. Kwa baba niliisikia mwenyewe. Kwa baba mkwe sikuisikia uso kwa uso, maana heshima yetu hairuhusu mke wa mwana akae mbele ya mkwe na kumchimba maswali. Yeye aliwasimulia wanangu nje, nami jikoni nikauacha mwiko chunguni nikasikiliza. Ugali uliungua zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo.

Ilikuwa siku za Mjerumani, mwaka mmoja kabla ya ile vita kubwa ya kwanza. Baba na Sakaya walikuwa vijana wa rika moja, morani, wametahiriwa pamoja. Asubuhi moja chui aliingia zizini kwao, baba akapambana naye, chui akamrarua mkono wa kulia toka bega hadi kiwiko. Bibi yangu Nasieku, mama yake, alijaribu dawa zote alizozijua, na mkono ukazidi kuvimba. Mwisho akakubali, kwa shingo upande, mwanawe apelekwe kwenye hospitali ya misheni.

Huko alipewa mkeka, bendeji na maziwa. Mkeka na bendeji alivipokea. Maziwa aliyatazama tu.

Kwa watu wetu wa zamani morani hakunywa maziwa peke yake. Ilikuwa ni lazima mwenzake wa rika awepo, wanywe wote wawili. Kunywa peke yako kulikuwa ni ulafi, tena ni kama kusema kwamba wenzako huwahitaji. Mama muuguzi wa Kijerumani hakulijua hilo. Alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena, na maziwa yakaganda kwenye kikombe.

Habari ikafika Olmotonyi. Siku ya tatu Sakaya akatokea mlangoni, mkuki begani, miguu imejaa tope. Ni mwendo wa saa mbili kushuka, na kupanda ni zaidi.

"Wewe," akamwambia baba, "chui amekushindwa, sasa unataka kuuawa na kikombe?"

Wakanywa. Sakaya akaondoka. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia. Alifanya hivyo miezi miwili na zaidi, mvua za masika zikimpiga kichwani. Baba alikuwa akisema, "Mkono huu ulifungwa na yule mama wa Kijerumani, lakini nyama yake ilirudishwa na miguu ya Sakaya." Nami naamini Mungu aliwatumia wote wawili.

Sasa, pale misheni alikuwapo mgonjwa mwingine, Mwingereza. Jina lake Mista Hobati, ila watu walimwita Bwana Vipepeo, kwa kuwa alikuja kutembea katika mlima Meru na kikapu cha wavu kwenye mpini akikamata vipepeo. Mlima ukamchoka. Aliteleza akaingia korongoni, mguu ukavunjika, wakambeba kwa machela mpaka misheni. Alilazwa kwenye baraza la nyumba ya wamisionari, mguu umefungwa kati ya mbao mbili. Kijerumani hakukijua vizuri, na wenye nyumba walikuwa na kazi zao. Basi kutwa nzima mtu yule alikuwa hana wa kuongea naye, isipokuwa mpira mdogo mwekundu wa ngozi ambao aliurusha juu na kuudaka, akaurusha juu na kuudaka.

Siku moja ukamponyoka. Ukabingirika ngazi hadi chini, pale baba alipokuwa ameketi akiota jua. Baba akauokota kwa mkono wa kushoto akamrushia. Mzungu akaudaka, akacheka sana.

"I throw," akasema, akijigusa kifua. Akamwelekezea baba kidole. "You throw."

Baba akarudia. Ndivyo shule ilivyoanza.

Maneno mengine sitayaandika kwa Kiingereza, maana shule yangu iliishia darasa la nne na kalamu itanikimbia. Tena baba mwenyewe alipotusimulia alikuwa akiyageuza. Mista Hobati alimfundisha namna moja tu ya kusema, ile ya mambo ambayo mtu huyafanya siku zote: mimi hurusha, wewe hurusha, yeye hurusha. Akaonyesha jua kwa kidole: lenyewe huchomoza. Akaonyesha kuku wa misheni: wenyewe huparua. Na kwa kuwa hakuwa na kitabu wala ubao, akatumia michezo.

Shida ilikuwa kwamba mwalimu hakuwa na miguu na mwanafunzi hakuwa na mkono. Ikawa hivi: neno likihitaji mikono, kama kudaka au kuogelea, Mista Hobati alilionyesha mwenyewe kitandani. Likihitaji miguu, baba alilitenda uani. "Hukimbia!" anapaza sauti Mzungu, na baba anauzunguka mchungwa mbio, bendeji shingoni. "Huruka!" Baba anaruka kama walivyoruka morani kwenye ngoma zao, amenyooka kama mkuki, na wagonjwa wote wanatoka nje kutazama. "Hupiga mpira!" Hapo alipiga teke, na kuku wakajua.

Mama muuguzi akaja mbio. "Huyu ni mgonjwa au ni mbuzi?"

Mista Hobati akamjibu kwa Kijerumani chake kibovu kwamba yuko darasani.

Mambo mengine yalikataa kuingia. Mzungu alieleza mchezo wa kwao, wanaume wazima wenye nguo nyeupe, mmoja ameshika rungu bapa. Jioni baba akampa Sakaya habari.

"Kwao huupiga mpira kwa rungu," baba akasema. "Kisha hukimbia."

"Hufukuzwa na nani?"

"Hakuna."

"Hakuna!" Sakaya akafikiri. "Na ng'ombe huchungwa na nani wakati huo?"

Baba akaenda kuuliza. Mista Hobati alicheka mpaka mguu ukamuuma, asijibu. Sakaya akaamua kuwa Waingereza hawana ng'ombe, akawahurumia.

Naye Mista Hobati aliuliza yake. Siku ya kupumzika ninyi hufanya nini? Baba akamweleza kwa maneno aliyokuwa nayo: huruka, huimba, hurusha rungu, hucheza kete zetu za mbegu kwenye vishimo. "Na wewe hushinda?" "Sakaya hushinda. Mimi hukasirika." Neno hilo la kukasirika Mista Hobati alimfundisha kwa furaha sana, maana alisema hata kwao hakuna mchezo bila hilo.

Walipofika hapo, mguu ukaunga. Wakambeba Mzungu kumpeleka Moshi kwenye reli, akaenda zake, hatukumsikia tena, na popote alipolala Mungu ampumzishe. Alikuwa amekusudia kumfundisha baba kusema ya jana na ya kesho, lakini siku hazikutosha. Kwa hiyo Kiingereza cha baba hakikuwa na jana wala kesho. Kilikuwa na mtu akimbiaye, arukaye, achezaye, siku zote, basi.

Mkono ulipona, ila haukunyooka tena. Ndio maana vita ilipokuja na askari wa Mjerumani wakapita Olmotonyi kutafuta wapagazi, baba walimwacha. Sakaya walimchukua. Alibeba masanduku ya Mjerumani mwaka na zaidi, na wapagazi wenzake wakifa njiani kwa kuhara na kwa uchovu. Nasieku na mama yake Sakaya, aliyeitwa Resiato, walikuwa wakikutana mtoni bila kutajiana jina la Sakaya.

Mwingereza alipoingia Arusha, Wajerumani walikuwa wamekwisha kimbia kuelekea Kondoa. Katika vurugu ile Sakaya akatoroka. Alirudi akipitia juu msituni, akitetemeka kwa baridi na kuhara, na njiani akaokota koti la askari lililotupwa. Akalivaa. Jamani, mtu mwenye baridi huvaa. Lakini alipofika karibu na mto Burka akakutana na askari wa Mwingereza, nao walipoliona koti wakasema, huyu ni askari wa Mjerumani, ni mpelelezi. Wakamtia kwenye zizi walikowafungia mateka, chini ya boma la Arusha.

Aliyeleta habari ni jirani yetu Namnyaki, aliyekuwa amewapelekea askari ndizi za kuuza.

"Saruni," akamwambia baba, "nimemwona mwenzako. Amekauka kama ngozi ya mwaka jana. Kesho asubuhi mateka wote wanapelekwa Moshi, na kutoka huko mbali."

"Wanampa chakula?"

"Wenzake wapagazi wanakula ugali. Yeye kwa sababu ya tumbo daktari amesema apewe maziwa tu. Siku ya tatu hayagusi. Wanasema ni kiburi cha Mjerumani."

Baba akasimama palepale. Bibi Nasieku akamshika nguo.

"Unakwenda kufanya nini? Kizungu chako wewe ni cha kurukaruka."

"Yeyo," baba akasema, yaani mama, "nitaruka basi."

"Watakufunga na wewe."

"Tutakuwa wawili, atakunywa."

Mama yake akamwachia.

Alifika zizini saa za mchana. Palikuwa na hema, meza, na ofisa mmoja mwenye masharubu akiandika. Mkalimani wao alikuwa ametangulia Moshi na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mlinzi akamzuia baba kwa bunduki. Baba akaona hakuna njia ila ile aliyofundishwa. Akapaza sauti kwa Kiingereza:

"Habari za asubuhi! Mimi ni Saruni! Mimi hucheza mpira!"

Ilikuwa saa nane mchana. Ofisa akainua kichwa taratibu.

"Wewe hufanya nini?"

"Hucheza mpira. Hukimbia. Huruka." Na kwa kuwa hakuamini kwamba ameeleweka, akaruka, mara tatu, mbele ya bunduki. Askari waliokuwa wakifua nguo wakasimama.

Ofisa akamwita karibu. Akauliza anataka nini. Baba akamwelekezea kidole Sakaya, aliyekuwa ameegemea boriti ya zizi, macho yameingia ndani, kikombe cha bati kimejaa mbele yake na nzi juu yake.

"Yule ni Sakaya. Yule hacheki sasa. Hucheka siku zote. Hacheki kwa sababu hanywi. Hanywi peke yake. Sisi hatunywi peke yetu. Mimi hunywa, yeye hunywa. Yeye hunywa, mimi hunywa. Siku zote."

Ofisa akakitazama kile kikombe chenye nzi. Kisha akaagiza maziwa mengine, na mlinzi akamfungulia baba aingie. Baba akaketi chini. Sakaya akamtazama kwa jicho moja.

"Umechelewa," akasema kwa Kimaa, sauti ya kukwaruza. "Ulikuwa unazunguka mchungwa?"

"Nyamaza unywe."

"Anza wewe. Nitajuaje kama u mzima?"

Baba akanywa. Sakaya akanywa, taratibu, funda moja baada ya jingine, akipumzika katikati. Baba mkwe aliwaambia wanangu kwamba hakuyasikia maziwa mdomoni, aliyasikia magotini. Mimi ni Mkristo, siwafundishi wajukuu zangu kukataa kikombe. Lakini sijapata kumcheka mtu aliyekuwa tayari kufa kuliko kumsahau mwenzake.

Ofisa alikuwa amesimama nje ya boriti, mikono nyuma. Akasema, haya, maziwa nimeelewa. Na koti?

Hapo baba akakwama. Alitaka kusema Sakaya aliliokota, alilivaa jana na juzi kwa baridi, hakupewa na mtu. Maneno hayo hakuwa nayo.  Kisha akasema:

"Askari hukimbia. Koti halikimbii."

 Halafu mmoja wa waliokuwa wakifua nguo akaanguka kwa kicheko, na wenzake wote wakafuata. Ofisa alijizuia, masharubu yakamsaliti.

Lakini hakuwa mtu wa kicheko tu. Akakaza uso tena, akauliza swali ambalo baba alikuwa akiliogopa tangu Olmotonyi.

"Huyu huwabebea Wajerumani mizigo?"

Baba angeweza kukana. Hakuna aliyekuwa pale wa kumshuhudia kinyume. Akamtazama Sakaya, na Sakaya, ingawa Kiingereza hakukijua, alilielewa lile neno la Wajerumani, akatingisha kichwa kidogo, kama kusema usiseme. Baba hakuwa Mkristo wakati ule, lakini aliniambia uongo ulimwia mzito kinywani.

"Ndiyo, hubeba," akasema. "Mjerumani husema beba. Mtu husema hapana, Mjerumani hupiga. Mtu hubeba."

Ofisa akaitikia kwa kichwa. Akasema jambo refu ambalo baba alilidaka nusu nusu, kwamba hata wao wana mizigo, safari ni ya kwenda Kondoa, na wapagazi hawatoshi. Kila mtu mwenye miguu anatakiwa. Akimwachia huyu, nani atabeba?

Baba alisema kwamba hapo alisikia mbwa akibweka mbali, na harufu ya sabuni, na hakuna kingine. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe.

"Mimi hubeba."

Ofisa akautazama ule mkono uliopinda. "Kwa mkono huo?"

"Kwa kichwa," baba akajibu, na ofisa akakubali wabadilishane.

Sakaya alipoambiwa maana yake, alitukana. Alimwita baba mpumbavu, mwana wa chui, mwana wa kipepeo, akajaribu kusimama amzuie, miguu ikamkatalia. Baba akamwinua, akamtoa nje ya zizi. Namnyaki na mumewe walikuwa wamefuata nyuma na punda. Wakampandisha.

"Ukifa sitakusamehe," Sakaya akasema akiwa juu ya punda.

"Usipokufa wewe, inatosha. Mwangalie mama yangu."

Baba akaenda Kondoa na jeshi la Mwingereza, mzigo kichwani. Yule ofisa hakuwa mtu mbaya. Alipogundua kwamba baba anaweza kuwaambia wapagazi kwa maneno machache pa kwenda na pa kupumzika, alimpunguzia mzigo, na wakati mwingine jioni askari walimwita aruke, nao wakampa sukari. Kati ya wale waliotoka Arusha naye, wengi walibaki njiani chini ya vilundo vya mawe. Baba alirudi. Alirudi mwezi wa saba, amekonda, ana jino moja pungufu, mzima. Kwa nini yeye na si wale wengine, sijui. Namshukuru Mungu, na kuwakumbuka wale wengine ni sehemu ya kushukuru.

Alifika Olmotonyi wakati ng'ombe wanatoka. Mama yake alikuwa mlangoni anapepeta. Akauacha ungo chini, akamtemea mate ya baraka kichwani kama ilivyokuwa desturi, akamshika mashavu yote mawili. Kisha akamgeuza atazame bondeni, upande wa shamba lao ambalo baba aliliacha limeota magugu.

Shamba lote lilikuwa limelimwa. Maharage yalikuwa yamesimama, ya kijani kabisa, lakini mistari yake ilipinda kushoto ikapinda kulia, mingine ikakutana katikati na kuachana tena.

"Yeyo, nani amelima hivi?"

"Rafiki yako. Tangu alipoweza kusimama. Wanawake walikuwa wanapanga mstari pale juu kumcheka, morani mzima na jembe. Na jioni anakuja kuniuliza kama kuni zipo."

"Mbona mistari ni kama nyoka?"

"Nami nilimwuliza," akasema bibi. "Alinijibu, mwambie Saruni, akija aje anyooshe mwenyewe."

Baba akashuka bondeni. Sakaya alikuwa mwisho wa shamba, mgongo ameupa mlima, anapalilia. Alipomwona akaacha kupalilia. Alichukua jembe la pili lililokuwa limelala kwenye majani, akamtupia, na baba akalidaka kwa mkono wa kushoto. Wakalima mpaka jua likawa kichwani. Shamba lile baba alinipa nilipoolewa na mwana wa Sakaya, na mwaka huu nimevuna debe sita.